Cherehani Iliyouzwa Mara Sita

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Changizo la Uwanja wa Riadha wa Chuo,
(ambaye pia ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja).

Nakala: Mama. Wifi. Mkuu wa Chuo, akipata nafasi.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: FAMILIA KUCHANGISHWA KUPITA KIASI, NA CHEREHANI YANGU KUONDOKA KWA MAKOFI

Shikamoo kaka. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea vizuri sote wawili, ingawa kwa mmoja wetu malezi yamechuja kama kitambaa cha bei rahisi. Natumaini sauti yako imerudi baada ya kazi kubwa uliyoifanya Jumamosi na kile kipaza sauti. Mimi ni mzima, ila nimekasirika. Hasira yenyewe nimeipima, nimeikata na kuipiga pindo kabla ya kukuletea, ili usije ukasema tena mbele za watu kwamba dada yako huropoka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati nyumba yako na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja, na nikikohoa huku unanipa pole kule. Sababu ni kwamba kuzungumza na wewe siku hizi ni hatari. Mwezi uliopita nilikuja kwako mara tatu kwa mazungumzo ya kawaida, na mara zote tatu nilitoka nimeshika kadi ya mchango, sijui hata iliingiaje mkononi. Barua haina mkono wa kuwekewa kadi.

Ieleweke kwanza kwamba sina ugomvi na riadha. Umefundisha michezo pale chuoni miaka kumi na tisa, na mistari ya uwanja bado unaichora kwa majivu ya jikoni, mvua ikinyesha wakimbiaji wanakimbia kwa kukisia. Najua mnataka njia sita za kukimbilia zilizotandikwa mpira, shimo la mchanga la kuruka, uzio, na jukwaa la watazamaji lenye paa. Nayajua haya kwa sababu hakuna mtu katika familia yetu asiyeweza kuyataja akiwa usingizini, kwa mpangilio, pamoja na vipimo. Ninacholalamikia ni haya yafuatayo, nami nimeyapa namba kama unavyopenda.

1. Mikusanyiko ya ukoo. Zamani tulikutana kwa harusi na kwa msiba. Siku hizi tunakutana kwa uwanja. Naomba ukumbuke posa ya binti wa mama mdogo. Wazee wa upande wa kijana walikuja na heshima zao, wakakaa, wakanywa chai, wakauliza mahari. Wewe ndiye uliyekuwa msemaji wetu. Ukawaambia mahari tumesamehe, sisi si watu wa tamaa, ila kuna njia ya nne ya kukimbilia ambayo bado haijapata mfadhili. Ukawatolea na mchoro. Wazee wale wakatazamana, wakasema wanakwenda kushauriana. Huu ni mwezi wa tatu wanashauriana, na mama mdogo hapokei simu zako wala zangu, mimi ambaye kosa langu ni kuzaliwa nyuma yako.

2. Wagonjwa. Mama alipolazwa kwa ajili ya goti ulikwenda wodini kila siku, asubuhi na jioni, na watu wakasema yule ndiye mtoto. Nami nikaona wivu, sitaficha. Kumbe ulikuwa unazunguka vitanda. Siku ya tano wanawake wote tisa wa wodi ile walikuwa wamejaza kadi, pamoja na bibi wa kitanda cha dirishani ambaye hajakanyaga chini tangu mwaka jana na sasa amefadhili nguzo mbili za kuruka juu. Daktari alipokuja kumwomba mama ajaribu hatua tano tu, ulimwomba asubiri kidogo, ukaenda kwenye korido, ukarudi na mfadhili wa kila hatua. Mama alikwenda hatua kumi na moja. Nakubali kwamba goti limepona mapema kuliko walivyotarajia, na daktari mwenyewe ameomba namba yako ya simu. Lakini hiyo si hoja yangu.

3. Methali. Kaka, methali ni mali ya wote, wewe umezishika kama za kwako. Nilipokuomba wiki mbili tu za kujipanga, ulisimama mlangoni pa duka langu, mbele ya wateja watatu na mmoja aliyekuwa nyuma ya pazia akijaribu sketi, ukatangaza kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Kisha ukaongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba. Sikatai, ila katika familia hii haba zote ni zetu na kibaba ni chako. Na ile unayoipenda kuliko zote, kwamba kutoa ni moyo si utajiri, naikubali kwa mikono miwili, mradi moyo wenyewe uwe wa mtoaji na si wa kaka yake.

4. Cherehani. Hapa ndipo penye kidonda, na naomba usome polepole.

Jumamosi sikuja ukumbini kama mgeni. Ulinituma. Ulisema pazia la jukwaa limechanika pindo, kitambaa kizito vile hakishonwi kwa sindano ya mkono, nilete mashine. Nikaileta, nikaifunga kwenye meza yake pale pale jukwaani nyuma ya pazia, nikashona mita nne za pindo ambazo mpaka leo hakuna aliyenishukuru. Nilipomaliza nikaenda kunawa mikono. Kunawa mikono tu.

Huku nyuma mnada ukaanza. Sote tunajua mnada wa changizo unavyokwenda: kitu hununuliwa kwa bei ya kuchekesha, mnunuzi anapigiwa makofi, kisha anakirudisha mezani kiuzwe tena. Keki ya wanafunzi iliuzwa mara nne. Yule jogoo wa mlinzi aliuzwa mpaka akalala. Zikaisha bidhaa, watu bado wana moto, na wewe, kaka yangu, ukavuta pazia. Pale katikati, chini ya taa, ilikuwa imesimama mashine yangu, imepanguswa, inang'aa, na uzi mwekundu bado umo kwenye sindano.

Mtu mwingine angesema samahani akafunga pazia. Wewe ulishika moyo wako, ukasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba dada yako, fundi, ameamua kutoa chombo chake cha kazi kwa ajili ya vijana wetu.

Mimi natoka maliwatoni na mikono inadondosha maji, nakuta ukumbi mzima umesimama. Wanawake wanapiga vigelegele. Mkuu wa Chuo anafuta miwani. Bibi mmoja nisiyemjua ananikumbatia na kuniambia mbingu imeona. Sasa ulitaka niseme nini? Nilitabasamu. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kamati kwamba tabasamu lile halikuwa saini.

Mkandarasi akainunua, akairudisha. Mwenye duka la dawa akainunua, akairudisha. Mhadhiri wa hesabu akainunua, akapiga hesabu, akairudisha haraka. Mke wa Mkuu wa Chuo akainunua, akaja kunipa mkono, akairudisha. Chama cha madereva wa malori kikainunua kwa pamoja, kikairudisha kwa pamoja. Mpaka hapo moyo ulikuwa umeanza kutulia, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeondoka na mashine ya fundi. Hununuliwa kwa heshima, mwisho hurudishwa kwa mwenyewe, watu wanakula, wanakwenda nyumbani.

Wa sita alikuwa mwenye bucha mpya. Yeye ana mwezi mmoja mjini na desturi hiyo hakuna aliyemweleza. Alitoa pesa, akashukuru, akabeba mashine, akaitia kwenye pikapu yake. Nilikimbia mpaka getini na kandambili miguuni. Wanariadha wako walikuwa pale pale wamekaa kwenye ngazi, wakasema shangazi ana mwendo mzuri.

5. Bucha. Mashine ile niliinunua kwa miaka minne ya kupunguza suruali za watu. Najua sauti yake kama ninavyojua sauti ya mama. Inasimama sasa kati ya mizani na jokofu, imeegemezwa kibao kilichoandikwa kwamba duka hili ni rafiki wa riadha. Kila siku napita kuitazama, na kwa kuwa mtu hawezi kuingia bucha akatoka mikono mitupu, nanunua robo kilo ya nyama nisiyoihitaji. Kwangu sasa tunakula nyama kama watu wenye cheo. Jirani wa mbele ameanza kuniuliza kama nimepata mchumba.

Jumatano nilikuta ameiwekea maini juu. Maini, kaka, palipokuwa panalala vitambaa vya maharusi. Nilitoka nje nikalia. Nakwambia wazi, kwa sababu ukutani hukusikia: nililia nikiwa nimesimama, na kifurushi cha nyama mkononi, mpaka mwenye duka la dawa akaniletea maji.

6. Jezi. Tuache mimi, tuzungumzie riadha unayoipenda. Dukani nina nguo kumi na moja ambazo hazijafika mwisho. Kuna koti la mwalimu lenye mkono mmoja. Natumia cherehani ya mkono ya mama, ambayo hushona hatua sita kisha hutulia kama inayokumbuka jambo. Na chini kabisa ya lundo zipo jezi arobaini na bukta arobaini za timu ya chuo, ulizoniagiza wewe mwenyewe, zinazotakiwa siku ya mashindano, na kitambaa chake kinavutika, hakishoneki ila kwa mashine ile iliyolaliwa na maini.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimefika hapa: umeuza mashine ya kushonea nguo za wakimbiaji ili ujenge mahali pa kukimbilia. Uwanja utakuwepo, watu wa kuvaa hawatakuwepo. Ukitaka, wakimbie hivyo hivyo, na tiketi zitauzika kweli, ila sidhani kama ndiyo sifa ambayo Mkuu wa Chuo anaitafuta.

7. Hatua nilizochukua. Kwa kuwa katika familia hii hakuna linalosikika bila kamati, nimeunda kamati. Inaitwa Kamati ya Changizo la Kumkomboa Dada wa Mwenyekiti. Mimi ni mwenyekiti na pia mlengwa. Katibu ni wifi yangu, mkeo, ambaye alijitolea kabla sijamaliza kusema. Mlezi ni mama. Amekubali, ila ameuliza kama zitakuwepo hatua za hisani, maana ametamani tena.

Zitakuwepo. Kutakuwa na matembezi kutoka getini kwako mpaka bucha, na kadi zimekwisha kuchapwa. Yako nimeibandika kwenye barua hii kwa pini, uangalie isikuchome. Baada ya matembezi kutakuwa na mnada, na katibu ametoa vitu hivi kwa moyo mmoja: filimbi yako, suti yako ya kushereheshea, saa yako ya kupimia mbio, kiti unachokalia ukitazama michuano, na kitanda. Kwa upande wa kitanda amesema shimo la mchanga likikamilika utalala huko, ni laini zaidi.

Mwisho tutapiga mnada Mwenyekiti mwenyewe. Tutavuta pazia, utakutwa umesimama chini ya taa, na mimi nitashika moyo wangu na kutangaza kwamba kaka yangu ameamua kujitoa. Usiogope. Utanunuliwa kwa heshima na kurudishwa mezani mara tano kama desturi ilivyo. Tunamwomba Mungu tu mnunuzi wa sita awe mgeni mjini.

Kwa hayo yote, Ndugu Mwenyekiti, naomba kwa unyenyekevu mambo matatu: mashine yangu irudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ikiwa safi, kadi ya mchango isivuke tena ukuta uliopo kati yetu, wala kwa mkono wala kwa kurushwa, na ujiuzulu uenyekiti, umwachie mtu asiye na ndugu.

Nisalimie wifi, ingawa tumeonana sasa hivi kwenye kikao. Wasalimie watoto, waambie shangazi hana neno nao. Msalimie Mkuu wa Chuo, bibi wa kitanda cha dirishani, mkandarasi, chama cha madereva na wale wazee wanaoendelea kushauriana. Msalimie na mlinzi, umpe pole ya jogoo. Mama hana haja ya salamu, yuko hapa pembeni yangu anafanya mazoezi ya kupanda na kushuka kizingiti.

Nabaki dada yako mtiifu kadiri ninavyoweza,

Fundi (kwa sasa bila mashine)

N.B. Barua hii niliimaliza asubuhi. Kabla sijaipenyeza chini ya mlango wako, mwenye bucha alifika dukani na mashine begani. Mkewe alielezwa desturi sokoni, akarudi akamwambia, na mtu wa watu alikuwa amejaa aibu hata hanitazami. Nikamwambia pesa yake tutamdai Mwenyekiti. Akakataa, akasema alichotoa kwa vijana amekwisha kutoa. Nimeisugua mashine kwa sabuni mara mbili, bado ina harufu ya maini kwa mbali, na nilipokanyaga ikalia ile sauti yake, nikacheka peke yangu.

Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikaja moja kwa moja uwanjani kuwapima wasichana wa timu, kwa kuwa vipimo ulivyoniletea ulivikisia. Wewe ulikuwa upande wa pili na warusha tufe, hukuniona. Nikawaambia twendeni mahali pa faragha niwapime. Wakaangaliana wakacheka. Wakanipeleka nyuma ya kibanda cha jenereta. Wawili wanashika shuka, mmoja anabadili nguo, na njia ya kwenda bwalo inapita hapo hapo, watu wanakwenda na kurudi. Mmoja wa waliokuwa wanashika aliitwa, nikashika ncha yake mimi. Kaka, nilishika kwa wasichana kumi na watatu. Upepo ulikuwa unavuma, mkono ukafa ganzi. Yule wa mbio ndefu aliniambia ana miaka mitatu pale hajawahi kuvaa bukta bila kuharakisha, ndiyo maana ana kasi. Wenzake wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Kuna mmoja siku zake zikifika haji mazoezini kabisa, na wewe umemwandika mvivu kwenye daftari lako.

Nimewashonea watu miaka ishirini na mbili, na hata nilipokuwa nashonea barazani, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa pazia la mteja. Leo nimeisoma kadi yako mpaka chini kwa mara ya kwanza. Vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana vipo, kwa herufi ndogo, namba ya mwisho, baada ya jukwaa lenye paa la wageni waalikwa. Miezi yote hii umeshika kipaza sauti na neno hilo sijalisikia hata mara moja. Ungelisema Jumamosi ile, mashine ningeipandisha jukwaani mwenyewe.

Basi futa namba moja mpaka saba, ila ya pili uiache, mama anaipenda. Usijiuzulu. Jezi zitakuwa tayari Alhamisi ya wiki ijayo. Jumamosi nitaileta mashine, safari hii pazia nitalivuta mimi na maneno nitayasema mimi, na mwenye bucha amesema atakaa safu ya mbele. Watakaoirudisha mezani watairudisha, na kama hakuna atakayeirudisha, ya mama bado inashona hatua sita.

Ninachotaka ni namba ya mwisho iwe ya kwanza. Wageni waalikwa wakae juani kwanza. Nataka kuta nne na mlango wa mbao, na komeo liwe kwa ndani.